Video ya Muziki ya Mazoezi: Kosa la Darasani Lisilomgharimu Mtu Harusi

Karibu kila Jumamosi, mahali fulani kati ya Kiganjo na Makongeni mjini Thika, kuna hema, viti vya plastiki na kijana mwenye kamera. Siku nyingine ni harusi, siku nyingine ni ruracio, mahafali ya watoto wa chekechea, uzinduzi wa kwaya au mazishi. Wenye shughuli wamelipa na wanatarajia kumbukumbu itakayodumu. Betri ikizima wakati pete zinavishwa, hakuna wa kuwaambia maharusi warudi kanisani waanze upya.

Vijana wengi wanaofanya kazi hii hujifunzia kwenye shughuli za watu. Makosa yao ya kwanza huwa tayari yamelipiwa na mteja. Mteja akilalamika, kijana hupoteza salio la malipo, na mara nyingine jina lake huharibika mtaani kabla hajawa fundi.

Kuna njia nafuu ya kufanya makosa hayo. Walimu wa video katika nchi nyingi huwapa wanafunzi kazi moja ya kuanzia, nayo ni kutengeneza video fupi ya muziki. Video hiyo haiuzwi wala haipigiwi kura. Ni zoezi, na thamani yake haimo sana katika picha zinazopatikana, bali katika yale yanayokwenda kombo njiani. Somo hili linaeleza jinsi zoezi hilo linavyofanywa, linafundisha nini, na mambo ambayo mzazi, mwalimu au kiongozi wa kikundi cha vijana anapaswa kuyaangalia.

KWA NINI MUZIKI, SI MCHEZO WA KUIGIZA

Anayeanza kutengeneza filamu hukutana na matatizo matatu kwa wakati mmoja: hadithi, sauti na picha. Video ya muziki humpunguzia mawili.

Kwanza, sauti tayari ipo. Wimbo ulirekodiwa mapema, na ndio utakaosikika mwishoni. Honi za matatu kwenye barabara ya Garissa, bodaboda inayopita na mashine ya kuchomea vyuma kwa jirani haziharibu kitu. Mwanafunzi anapata nafasi ya kushughulika na picha pekee.

Pili, wimbo una mwanzo, katikati na mwisho. Una ubeti na kiitikio. Mwanafunzi hawezi kurefusha kazi apendavyo, na hawezi kuikata njiani akasema imekwisha. Mipaka imewekwa na wimbo wenyewe, na kazi yenye mipaka hukamilika. Vikundi vingi vya vijana vina klipu nyingi kwenye simu na havina hata kazi moja iliyokamilika. Kumaliza ni ujuzi unaofunzwa kama ujuzi mwingine wowote.

KABLA YA KAMERA: KARATASI NA KALAMU

Mfano ni kikundi cha wanafunzi sita wenye simu mbili, stendi moja ya simu na spika ndogo. Kosa la kwanza la kikundi kama hiki ni kutoka nje mara moja na kuanza kupiga picha. Baada ya saa tatu watakuwa na klipu arobaini za mwimbaji akiimba kiitikio kilekile, na hawatakuwa na picha hata moja ya ubeti.

Kwa hiyo siku ya kwanza haina kamera. Wanafunzi husikiliza wimbo mara kadhaa na kuugawa kwenye karatasi: utangulizi, ubeti, kiitikio. Kisha huchora visanduku, kimoja kwa kila shoti, na ndani yake huonyesha nani anaonekana, yuko wapi, na kamera iko karibu au mbali. Michoro hii huitwa storibodi. Si lazima iwe mizuri, watu wa vijiti wanatosha.

Siku hiyo pia hugawanywa kazi. Mmoja ni mwongozaji, mwingine anashika kamera, wa tatu anacheza wimbo kwenye spika, wa nne anaandika kila shoti inayopigwa, wa tano anaangalia nguo, vitu na usalama, na wa sita anaimba. Katika zoezi la pili kazi hizo hubadilishana. Jambo hili lisipowekwa kama kanuni, mara nyingi wavulana hubaki na kamera na wasichana hubaki wakicheza mbele yake. Msichana asiyewahi kushika kamera darasani hawezi kuombwa kuishika harusini.

HESABU ILIYOMO NDANI YA WIMBO

Zoezi la kwanza halihitaji wimbo mzima. Ubeti mmoja na kiitikio vinatosha.

Chukulia wimbo wenye mapigo 100 kwa dakika. Pigo moja huchukua sekunde 0.6. Wimbo wa kawaida wa kisasa huhesabiwa kwa mapigo manne manne, kwa hiyo kila fungu la mapigo manne ni sekunde 2.4. Ubeti wa mafungu 16 ni sekunde 38.4. Kiitikio cha mafungu 8 ni sekunde 19.2. Jumla ni sekunde 57.6, yaani karibu dakika moja. Picha ikibadilika kila baada ya mafungu mawili, kikundi kinahitaji shoti 12. Sasa wanafunzi wanajua ukubwa wa kazi yao kabla hawajatoka nje: si shoti arobaini, ni kumi na mbili.

Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde. Pigo moja la wimbo huu, basi, ni fremu 18. Mhariri anayetaka picha ibadilike na ngoma anajua akate wapi. Midomo ya mwimbaji ikichelewa fremu tatu tu, yaani sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtazamaji anaanza kuhisi kuna kasoro hata kama hawezi kuieleza.

Hapa somo la sayansi linaingia. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde hewani. Spika ikiwekwa mita 34 kutoka kwa mwimbaji, wimbo humfikia umechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, sawa na fremu tatu zilezile. Dawa ni kuiweka spika karibu na mwimbaji, nje kidogo ya picha. Mwanafunzi aliyewahi kuona midomo ikipishana na wimbo kwa sababu ya spika ya mbali haisahau kasi ya sauti tena.

Nafasi kwenye simu nayo huhesabiwa. Video ya ubora wa kawaida wa HD hula takriban MB 130 kwa dakika, kutegemea simu. Kikundi kikirekodi mara tano wimbo wa dakika moja kwa kila simu, kila moja inahitaji MB 650 hivi zikiwa wazi. Afadhali kufuta klipu za zamani usiku uliotangulia kuliko kuanza kuzichagua huku jua likitua.

SIKU YA KUPIGA PICHA

Thika iko karibu sana na mstari wa Ikweta, kiasi cha digrii moja tu kusini yake. Saa sita mchana jua huwa karibu utosini, na uso wa mtu hupata vivuli vyeusi chini ya macho na pua. Wanafunzi wakitaka sura zionekane vizuri, hupiga picha kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Ikilazimu kupiga mchana, mwimbaji husimama kivulini karibu na ukuta wenye rangi nyeupe, nao ukuta humrudishia mwanga.

Kwa kila shoti, wimbo huchezwa kutoka faili ileile itakayotumika mwishoni. Mwimbaji huimba kwa sauti kamili na hachezeshi midomo tu, kwa sababu shingo na kifua cha anayeimba kweli hufanya kazi, na kamera hulinasa hilo. Simu inayorekodi picha inarekodi pia sauti ya spika. Sauti hiyo haitasikika kwenye video, lakini ndiyo itakayomwongoza mhariri kulinganisha picha na wimbo.

Utaratibu mzuri ni kurekodi wimbo wote mara moja kwa mbali, kisha mara nyingine kwa karibu, ndipo zifuate picha za pembeni kama mikono, viatu, mtaa, rafiki anayesikiliza. Picha za pembeni ndizo huokoa kazi. Mwimbaji akikosea mstari mmoja, mhariri huweka pale picha ya mkono unaopiga meza, na hakuna atakayejua.

Mwandishi wa shoti huandika namba, mahali na kama imefaa. Anayeangalia vitu huhakikisha kwamba shati la bluu la asubuhi ni lilelile la jioni. Makosa ya siku hii yanajulikana: kubonyeza kitufe cha kuanza mara mbili na kumbe kamera imezimwa, kuchanganya picha za simu iliyosimama na za simu iliyolazwa, kusahau chaja, kusahau kufuta kioo cha kamera. Kila moja huonekana dogo darasani, lakini kwenye ruracio ya watu huwa hasara.

Usalama hautolewi muhanga kwa ajili ya picha nzuri. Hakuna shoti inayopigwa katikati ya barabara. Reli inayopita Thika kuelekea Nanyuki hutumiwa na treni, kwa hiyo si jukwaa. Kingo za mito ya Chania na Thika huteleza, hasa wakati wa mvua. Droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani, hairushwi bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini.

KUHARIRI: MAHALI PA UKWELI

Programu za kuhariri zinapatikana kwenye simu za kawaida, nyingine bila malipo. Mhariri huweka wimbo kwanza, kisha huweka shoti ya wimbo wote iliyopigwa kwa mbali, akaisogeza mpaka sauti mbili ziwe moja. Baada ya hapo huweka juu yake shoti za karibu na za pembeni.

Hapa wanafunzi hugundua walichokosa. Shoti waliyobishania nusu saa haifai, na ile waliyopiga kwa mzaha ndiyo bora. Mwongozaji anayempenda rafiki yake anataka kumwonyesha kila mara, na wimbo unakataa. Kukubali kuondoa kazi ya mikono yako kwa sababu haisaidii ni jambo gumu, nalo hufaa zaidi ya kamera. Fundi cherehani analijua, na mwandishi wa barua ya kuomba kazi analijua.

Kazi ikikamilika hutazamwa mara mbili darasani. Mara ya kwanza bila sauti. Je, picha peke yake inaeleweka? Mara ya pili ikiwa na sauti. Kisha kila mwanafunzi hujibu maswali manne kwa maandishi:

1. Tulipanga nini, na tulipata nini?
2. Ni shoti gani tuliyoihitaji tukawa hatuna?
3. Ni wapi tulipoteza muda mwingi zaidi, na kwa nini?
4. Kama kazi hii ingelipiwa na mteja, angelalamikia nini?

Swali la nne ndilo lengo la zoezi. Mwalimu akipima kazi kwa uzuri wa picha pekee, mwanafunzi mwenye simu ya bei ghali atashinda kila mara. Akipima kwa majibu ya maswali haya, atamtambua aliyejifunza.

RUHUSA: SOMO LINALOSAHAULIKA

Mzazi anaweza kuuliza kama mtoto wake atajikuta matatani kwa kutumia wimbo wa mtu. Swali ni la haki.

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, wimbo una wenye haki: aliyetunga, na mara nyingi aliyeurekodi akiwa mtu mwingine. Kujifunza nao darasani na kuusambaza mtandaoni ni mambo mawili tofauti. Mitandao mikubwa kama YouTube ina mfumo wa kutambua nyimbo wenyewe, na video inaweza kufungiwa au mapato yake kwenda kwa mwenye wimbo. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ndiyo yenye jukumu la kusimamia masuala haya nchini.

Njia rahisi iko karibu. Kiganjo na Makongeni zina kwaya, waimbaji chipukizi na wanafunzi wanaotunga. Kikundi kinaweza kutumia wimbo wao kwa ruhusa iliyoandikwa na kutiwa sahihi: wimbo gani, utatumiwa wapi, kwa muda gani, na majina yataandikwaje. Karatasi hiyo ya nusu ukurasa ni mkataba wa kwanza wa mwanafunzi. Atakapopata mteja wa harusi, atajua kuandika mwingine wenye malipo ya awali na tarehe ya kukabidhi kazi.

Sura za watu nazo zina ulinzi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ni mojawapo. Si sheria ya kwenye karatasi tu. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Kwa hiyo fomu za wazazi hukusanywa kabla ya kupiga picha, na mpita njia asiyetaka kuonekana huheshimiwa. Mama anayeuza mboga kando ya njia si pambo la video. Huombwa kwanza, na akikataa, kamera hugeuzwa.

Vilevile, Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inahitaji leseni kwa filamu inayotengenezwa ili kuonyeshwa umma au kuuzwa. Kikundi kinachofikiria kutoa kazi yake nje ya darasa kiulize kwanza.

MFANO KUTOKA BARABARA KUU YA THIKA

Anayedhani kwamba mazoezi ya wanafunzi hayafiki mbali atazame safari ya Just a Band. Wanamuziki hao walikutana wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, kando ya Barabara Kuu ya Thika, safari fupi kutoka Ruiru. Albamu yao ya kwanza, Scratch to Reveal, ilitoka mwaka 2008, na video zao walizitengeneza wenyewe.

Mwaka 2010 walitoa video ya wimbo Ha-He, iliyoongozwa na wanakikundi Jim Chuchu na Mbithi Masya. Ndani yake kulikuwa na shujaa wa mtaani aitwaye Makmende, jina ambalo Wakenya wengi walilitumia utotoni kumtania mtu anayejifanya jabali. Video hiyo ilisambaa mtandaoni kwa kasi isiyozoeleka nchini wakati huo, na vyombo vya habari vya nje vikaiandika. Miaka sita baadaye, Mbithi Masya aliongoza filamu Kati Kati, iliyopata tuzo ya wakosoaji wa filamu wa kimataifa katika Tamasha la Filamu la Toronto, Kanada, mwaka 2016.

Si kila mwanafunzi wa Kiganjo atafika Toronto, wala hilo si lengo. Kinachoonekana ni kwamba ujuzi wa kupanga shoti za wimbo wa dakika chache ni uleule unaohitajika katika filamu ya saa moja na zaidi.

NAFASI YA WAZAZI NA JAMII

Kwa wazazi wengi, mtoto mwenye simu na spika nje ya nyumba anapoteza muda. Wakati mwingine ni kweli. Njia ya kutofautisha mchezo na zoezi ni kuomba kuona karatasi. Kikundi kinachojifunza kina storibodi, orodha ya shoti, mgawanyo wa kazi, fomu za ridhaa na tarehe ya kumaliza. Kisicho na karatasi hizo kinacheza, na kinaweza kusaidiwa kuanza kujifunza.

Mtaala wa sasa umeipa sanaa nafasi yake. Katika shule za sekondari ya juu, ambako kundi la kwanza la Gredi ya 10 lilianza masomo Januari 2026, mwanafunzi anaweza kuchagua njia ya Sanaa na Sayansi ya Michezo. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu mwaka 1927, na Tamasha la Kitaifa la Drama siku hizi lina kitengo cha filamu. Kwa waliomaliza shule, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya serikali za kaunti. Wakazi wanaotaka kujua ni kozi zipi zinazotolewa karibu nao waulize katika ofisi ya msimamizi wa wadi au katika chuo chenyewe.

Jamii inaweza kusaidia bila gharama kubwa. Kanisa linaweza kutoa ukumbi asubuhi moja. Kwaya inaweza kutoa wimbo mmoja. Mpiga picha mzoefu wa mtaa anaweza kukaa na wanafunzi saa mbili akatazama kazi yao na kuwaambia angelalamikia nini kama angekuwa mteja.

Jumamosi itafika ambapo mmoja wa wanafunzi hao atasimama chini ya hema la watu, pete zikitolewa mfukoni. Atakuwa na betri ya pili, nafasi kwenye simu, orodha ya shoti na karatasi iliyotiwa sahihi. Aliwahi kusahau vyote hivyo siku ambayo hakuna harusi iliyoharibika.